Picha za Mavazi na Jicho la Mwenye Kutazama

Ukifika Dodoma, ndugu msomaji, nenda upande wa soko la Majengo utazame vibanda vya mafundi cherehani. Utaona karatasi kubwa za mishono, wanawake ishirini au zaidi katika karatasi moja, kila mmoja amejipinda kwa namna yake. Mteja haelezi atakacho, huweka kidole juu ya picha, au siku hizi hutoa simu, akasema, "Nishonee kama huu." Basi wanaosema picha hizi ni mchezo tu hawajui wasemalo. Ni mchoraji gani wa Ulaya ambaye kazi yake yatiiwa namna hii?

Wala usidhani picha yaonesha nguo ilivyo. Gauni hubanwa kwa pini mgongoni, mahali kamera isipofika, na kamera yenyewe hushushwa chini ili miguu ionekane mirefu. Binti wa watu hushonewa nguo ambayo haikupata kuwako duniani, kisha akiivaa hawezi kuketi.

Tusiseme hata hivyo kwamba kupenda kupamba mwili ni maradhi ya kigeni. Huko Kolo, wilaya ya Kondoa, katika michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wamo watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, na vichwa vyao vina mapambo makubwa. Aliyewachora alipenda uzuri, na hapana wa kumlaumu. Ugomvi wetu ni mwingine.

Alikuwako Mmarekani aitwaye Peter Beard, aliyeishi Kenya na kutoa mwaka 1965 kitabu mashuhuri juu ya tembo na kufa kwao. Kipaji alikuwa nacho, tusimdhulumu. Mwaka 1975 alimwona Nairobi binti wa Kisomali, Iman, mzaliwa wa Mogadishu, mtoto wa balozi, mwanafunzi wa siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimpiga picha, na mwaka huo huo binti akaenda New York. Magazeti ya huko yakaambiwa nini? Kwamba ameokotwa porini akichunga mifugo! Nao wakasadiki, kwa kuwa picha ilikwisha kuwatayarisha kusadiki. Baadaye Iman mwenyewe aliukanusha uongo huo. Zitazame picha zile kwa insafu: shingo, nuru, utulivu wa uso, vyote vyapendeza. Lakini kabla ya kuvuliwa nguo yoyote, binti huyu alikwisha vuliwa baba, mama, shule na mji, akaachiwa mbuga tu. Huo ndio uchi ninaoulalamikia mimi, na ndio uliofanya biashara.

Kadhalika Leni Riefenstahl, Mjerumani aliyemtengenezea Hitler filamu. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha picha za Wanuba wa Sudan, miili mitupu iking'aa. Mwandishi Susan Sontag alimkosoa mwaka 1975, akiona humo jicho lile lile la zamani. Wengine waliendelea kusifu sanaa.

Na Wagogo je? Tangu enzi ya Wajerumani wamepigwa picha, kwa masikio yao yaliyotobolewa na udongo mwekundu mwilini. Bibi wa Kigogo aliyevaa ngozi ya mbuzi nyumbani kwake hakumchokoza mtu. Alipofikishwa meza ya mgeni Ulaya ndipo alipogeuka kitu cha kutazamwa, na mara nyingi chini ya picha limeandikwa kabila, jina hapana.

Serikali nayo ilijaribu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 nguo fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Nguo zilipigwa vita, jicho halikuguswa. Na Juni 2021, ndani ya Bunge hapo Dodoma, Spika Job Ndugai alimtoa mbunge mmoja mwanamke akavae vizuri, kwa sababu ya suruali yake. Waliokuwamo ukumbini walikuwa mamia. Walioiona picha baadaye hawahesabiki, na wengi waliisambaza wakilaani.

Katika Surat An-Nur, aya ya 30 yawaamrisha wanaume wainamishe macho, na mavazi ya wanawake yaja baada yake, katika aya ya 31. Majumbani mwetu, mama na baba wasomao ukurasa huu, twaanza na ya pili tukaishia hapo. Binti huulizwa kwa nini amechagua mshono ule. Kaka yake aliyeketi kitandani akizipitisha picha mia kwa kidole hadi usiku wa manane haulizwi neno, wala mjomba aliyempelekea.