Mshono wa Siku 28

Wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, mgongo wa mtoto bado ni utando bapa wa seli, na kiinitete kizima kina urefu wa milimita mbili hivi. Kutoka kwenye utando huo ndipo utapatikana mrija utakaozaa ubongo na uti wa mgongo.

Kazi huanzia katikati. Ncha ya juu ya kila seli imezungukwa na nyuzi za protini iitwayo aktini. Nyuzi zikikaza, seli husinyaa juu na kutanuka chini. Ikifanya hivyo seli moja, hakuna kinachobadilika. Ikifanya safu nzima, utando hujikunja, kingo zake mbili huinuka, husogeleana, hugusana, hushikana. Mshono wa kwanza hupita sehemu ya shingo, kisha huenda pande mbili, kichwani na kiunoni, mfano wa zipu inayofungwa kuanzia katikati. Kichwani hufunga siku ya 25 hivi, kiunoni siku ya 28.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba seli hizi hujikunja huku zikizaliana kwa kasi. Kila inayogawanyika lazima kwanza inakili DNA yake yote, na herufi moja ya DNA, thaimini, haikamiliki bila kuongezewa atomu ya kaboni. Mbebaji wa kaboni hiyo ni vitamini iitwayo foliki. Ikipungua, seli huzaliana kwa kusuasua, na kingo huweza kushindwa kukutana. Uwazi ukibaki chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukibaki kichwani, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto haishi.

Mwaka 1991 Waingereza walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hii. Waliopewa miligramu 4 za foliki kila siku, kasoro kujirudia kulipungua kwa asilimia 72. Kwa kidonge tu!

Dada unayepanga kuzaa, usingoje kliniki. Siku ya 28 ikifika, hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi hawajapima hata mkojo. Anza mikrogramu 400 za foliki kwa siku angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, uendelee hadi wiki ya 12. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mwone daktari kwanza, maana dozi yako ni kubwa zaidi.