Mimbari Iliyoshuka Mtaani

Mzee mmoja wa kanisa hapa Mwera aliisikia albamu ya Juliani, Pulpit Kwa Street, akasema huo si wimbo bali ni ugomvi. Vijana wa bodaboda waliokuwa kando yake wakaomba sauti iongezwe. Tangu siku hiyo nimewauliza wengi, na kwa hakika maoni niliyoyapata yananifunza zaidi juu ya masikio yetu kuliko juu ya albamu yenyewe.

Juliani, ambaye jina lake halisi ni Julius Owino, alikulia Dandora, mtaa wa Nairobi wenye jalala kubwa la taka za jiji. Alianza kufoka na kundi la Ukoo Flani Mau Mau kabla ya kuokoka. Albamu yake ya Mtaa Mentality ilitoka mwaka 2008, na hii ya mimbari kwenda mtaani ikafuata mwaka 2011.

Lawama ya mzee ni kwamba muziki wa kufoka haufai kumbeba Bwana. Namheshimu mzee wangu, lakini hoja hii imechakaa. Wamisionari wa UMCA walipoweka kituo Magila, kule Muheza, katika karne ya 19, walikuja na tenzi zenye tuni za Uingereza, na ngoma zetu zikabaki nje ya mlango. Leo bibi wa Kibondei huimba tuni hizo akilia, na ukimwambia ni za kigeni atakushangaa. Ustadhi jirani yangu alicheka nilipomsimulia. Akasema hata wao hawajamaliza kubishana kuhusu kaswida, wapi dufu linatosha na wapi kinanda kimezidi.

Vijana nao waliisifu mno. Nikawauliza, anasema nini? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Anamsema Yesu, mzee, ila kwa ukali." Basi! Aliyekataa alikataa mdundo, na aliyependa alipenda mdundo huohuo. Maneno hayakuwa na shahidi.

Nayo maneno ndiyo mali ya Juliani. Wapo wanaonung'unika kwamba analitaja jina la Mungu kwa uchache na kwamba umaskini, fedha na siasa vimejaa mno katika nyimbo zake. Mimi naona hapo ndipo penye thamani yake. Nyimbo nyingi za injili tunazouziwa humwahidi msikilizaji gari na nyumba. Huyu anamwuliza imani yake inafanya nini kodi ya chumba ikidaiwa. Huo ni ujasiri, na ni mahubiri.

Ila nina ugomvi naye, wala si ule wa mzee. Anafinyanga maneno kwa Sheng', lugha ya vijana wa Nairobi, na utani wake mwingi umo ndani ya neno moja lenye maana mbili au tatu. Asiyeijua mitaa ile hupitwa. Mwera ni kijiji kilichochanganyika; mashamba ya mkonge yaliwaleta hapa watu wa bara wa kila kabila, nao wakaelewana kwa Kiswahili. Kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Mimbari iliyoshuka kwa Sheng' imeshuka Dandora. Huku kwetu bado iko juu, na kwa jinsi fulani ni ya mbali kama ile ya Kilatini.

Swali bora kuliko yote lilitoka kwa mama mmoja auzaye mihogo, ambaye hakuujali mdundo hata kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "huyo kijana anamsema nani?" Nikajaribu kumfasiria ubeti mmoja tu. Nilizunguka weee, na utani ukafia njiani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akafunika mihogo yake, kisha akauliza kama yuko kijana wa Tanga afokaye namna hiyo.