Ufundi wa Kupima Mkondo wa Seli Moja

Thrombini ni kimeng'enya ambacho kila mwenye jeraha anakitegemea. Ini hutengeneza umbo lake tulivu kwa msaada wa vitamini K, nalo huzunguka ndani ya damu hadi mshipa unapopasuka. Hapo huamka, huikata fibrinojeni ikawa nyuzi za fibrini, nyuzi hizo zikasukana, damu ikaganda.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walieleza kazi yake nyingine. Kipokezi kiitwacho PAR1, ambacho huamshwa vizuri zaidi na thrombini kuliko kitu kingine chochote, kikishaamshwa, mwitikio wa vipokezi vya NMDA, matundu yanayoingiza kalsiamu, kwenye seli za hipokampasi huongezeka takribani mara mbili. Hipokampasi ni sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu. Ugunduzi huo unastahili sifa, na ufundi wa mikono unaowezesha vipimo vya namna hiyo unastahili sifa zaidi.

Ufundi wenyewe ulizaliwa Göttingen, Ujerumani, mikononi mwa Erwin Neher na Bert Sakmann. Mwaka 1976 walifaulu kupima mkondo wa umeme unaopita kwenye tundu moja tu la utando wa msuli wa chura, na mwaka 1991 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mkondo wa tundu moja hupimwa kwa sehemu za trilioni za amperi, hivyo kelele yoyote ya umeme huuzamisha. Ndiyo maana hadubini huzungushiwa kizimba cha waya wa chuma, na meza ya fundi hukaa juu ya hewa iliyoshindiliwa ili isitikisike.

Kazi huanza na kipande cha ubongo wa panya, chembamba chini ya nusu milimita, kinachowekwa katika maji ya chumvi yenye oksijeni ili seli zisife. Fundi huyeyusha mrija wa kioo katikati na kuuvuta hadi ukatike, ncha ikabaki na upana wa mikromita moja au mbili. Ncha hiyo hutumika mara moja tu. Ikigusa uchafu, hutupwa.

Kisha mrija huo, yaani pipeti, huteremshwa polepole hadi kwenye seli, huku ikipuliziwa hewa kidogo ili ncha ibaki safi. Utando wa seli ukibonyea, fundi huachia hewa na kuvuta pumzi kidogo kupitia mrija wa mpira, kama mtu anayeonja chai ya moto. Utando hushikamana na kioo, na ukinzani hupanda hadi kupita omu bilioni moja. Akivuta mapema mno, hukosa mshikamano. Akivuta kwa nguvu, huua seli. Mvuto mwingine mfupi hupasua utando ulio chini ya ncha, na mkondo wa seli nzima huanza kusomeka.

Kwa watu wa Emory, kuona mkondo wa vipokezi vya NMDA ukikua baada ya kuweka thrombini hakukutosha. Walitumia peptidi fupi inayoamsha PAR1 bila thrombini, na mkondo ukaongezeka vilevile. Wakapima panya waliozaliwa bila PAR1, na ongezeko likapungua sana. Wakahakikisha pia kwamba ongezeko hilo halikutokana na thrombini kukata vipokezi vya NMDA vyenyewe. Njia ikabaki wazi: thrombini hukata mkia wa PAR1, ncha mpya inayobaki hujikunja na kukiamsha kipokezi hichohicho, na ishara hupita ndani ya seli hadi kwenye vipokezi vya NMDA.

Hapo ndipo faida ya subira hiyo yote inapoonekana. Vipokezi vya NMDA huingiza kalsiamu. Kwa kiasi, kalsiamu husaidia kujifunza. Ikizidi, huua seli. Mshipa unapopasuka kichwani, thrombini huingia mahali ambapo kwa kawaida huzuiwa, hivyo kimeng'enya kinachoziba jeraha kinaweza kuzidisha madhara kwa seli za jirani.

Wanaofundisha sayansi wana wajibu hapa. Wampe mwanafunzi nadharia, lakini wampe pia pipeti, na muda wa kuvunja nyingi. Mikono iliyozoezwa ni sehemu ya elimu, na bila hiyo swali kama hili la thrombini lisingepata jibu.