Hofu ya Mzazi na Ngano za Pangoni

Katika filamu ya katuni The Croods (2013), Grug, baba wa jamaa ya watu wa kale wakaao pangoni, huwasimulia wanawe ngano zenye hatima moja: aliyetamani jambo jipya alikufa. Bintiye Eep amezichoka, na watazamaji wengi humwona mzee huyu mpumbavu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba majirani zake wote wamekwisha kuangamia; miiko yake ndiyo iliyowahifadhi watu wake. Huyu ni ndugu wa wasimulizi wa ngano za Kiswahili, ambamo mtoto asiyesikia huliwa na zimwi.

Pango linapobomoka na safari kuwa lazima, kijana Guy analeta ngano ya pili: chui milia aliyeruka kutoka jabalini asianguke. Mgogoro wa kweli, basi, ni wa ngano mbili, na hapo ndipo usanii ulipo. Kinachopwaya ni utatuzi. Grug anawarusha jamaa zake ng'ambo ya ufa kwa nguvu zile zile za mikono alizokuwa nazo tangu awali. Ushujaa huo si mpya. Mabadiliko yanadhihirika baadaye, akiwa peke yake pangoni: mkono uliozoea kuchora maonyo sasa unachora kumbatio.