Wanaosoma Umri wa Mbu

Mbu jike akishataga mara moja, mwili wake hauwezi tena kulificha jambo hilo. Tumboni mwake mna jozi ya ovari, na juu ya kila ovari imetanda mirija myembamba mno ya hewa. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejizungusha vifundo vifundo, mithili ya uzi wa kufumia ulio bado dukani. Mayai ya kwanza yakianza kukua ovari hutanuka, vifundo hufumuka, mirija hunyooka. Na mayai yakishatoka, haijikunji tena maisha yake yote. Mtu mwenye mkono uliofunzwa akizitoa ovari hizo, akaziacha zikauke juu ya kioo na kuzitazama kwa hadubini, atakwambia kwa uhakika: huyu hajataga, huyu ameshataga.

Kazi hiyo ya kupasua mbu hufanywa na vijana katika bonde la Kilombero, na sampuli nyingi zimetoka Lupiro, kijiji cha Wilaya ya Ulanga kilichoko kusini mwa Ifakara, ng'ambo ya mto. Nimekusudia kuisifu kazi yenyewe kabla ya kumsifu mtu yeyote. Naiona kuwa miongoni mwa ufundi mgumu na mzuri kuliko wote unaofanyika nchini kwetu, na wanaoufanya wana umri ule ule wa wale tunaowalaumu kila siku kwamba wanataka kutoboa kabla ya saa sita mchana.

Kwanza, kwa nini umri wa mbu uwe na maana? Kimelea cha malaria hakiambukizi siku ile ile mbu anapokinyonya. Hukaa ndani yake takriban siku 10 hadi 14, kikikua na kusafiri mpaka kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo mbu kijana, hata angekuwa na kero kiasi gani masikioni, si yeye anayeleta homa. Mwenye hatari ni yule mzee, aliyekula na kutaga mara kadhaa. Chandarua kikifanya kazi yake, wazee hupungua. Lakini hilo halionekani kwa kuhesabu mbu tu. Ni lazima mtu akae chini, apasue, atazame.

Lupiro imezungukwa na mashamba ya mpunga yenye maji karibu mwaka mzima, upande wa kaskazini na wa mashariki. Mvua za bondeni ni za kutosha, joto ni la kutosha, na mbu wa aina mbili wametawala: Anopheles arabiensis na Anopheles funestus. Wa pili ni mdogo, mweusi, na mara nyingi si mwingi. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Emmanuel Kaindoa na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara ulionyesha kuwa huyo mchache ndiye anayebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vya eneo hili. Waligundua hivyo kwa sababu kuna watu waliotenganisha mbu mmoja mmoja, usiku baada ya usiku, bila kuchoka na wale wachache.

Taasisi yenyewe ina historia ndefu. Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, maabara ikajengwa mwaka 1957, na kilichokuwa kituo kidogo cha wageni leo ni taasisi ya Watanzania. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, mbu wa Lupiro walivuka mto Kilombero kwa pantoni, wamefungwa kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kwa wavu, na mwenye vikombe alisubiri zamu yake pamoja na magunia ya mchele.

Siku ya kazi huanza jioni. Mtego wa taa hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua na mtu analala humo kama kawaida, kwa kuwa ni harufu yake inayowaita mbu. Zamani njia kuu ilikuwa ya mguu. Aliyejitolea alikaa kwenye kiti amekunja suruali mpaka magotini, tochi mkono mmoja na mrija wa kunyonyea mkono wa pili, akimwahi mbu anapotua kabla hajauma. Waliojitolea walipewa dawa za kinga, lakini bado ilikuwa ni kazi ya kujitia hatarini, na ni vizuri kwamba mbadala umetafutwa bondeni humu humu: mtego wa vyandarua viwili, mtu akiwa salama katikati, ambao mwaka 2019 ulitumika kulinganisha umri wa mbu wanaouma ndani ya nyumba na wanaouma nje.

Alfajiri ni hodi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mmepata wangapi leo?" Swali hilo la mwenye nyumba ni la upole, lakini ndilo linalomtia kijana majaribuni. Kila mtu anapenda jibu lenye namba kubwa. Mbu mia moja wana habari ya kusimulia. Usiku mwingine kikombe kina mbu wawili, na usiku mwingine hakina kitu. Hapo mkusanyaji anatakiwa kuandika sifuri kwenye fomu kwa utulivu ule ule ambao angeandika mia moja, na kuondoka. Mimi naliheshimu sana tendo hilo. Sifuri iliyoandikwa kwa uaminifu ina uzito sawa na namba yoyote katika hesabu za mwisho. Pengine ndiyo itakayothibitisha kwamba dawa iliyopulizwa katika nyumba ile imefanya kazi. Nayo haimpatii mtu sifa yoyote.

Kisha mbu hupangwa mezani. Madume, wenye papasi za manyoya mengi, upande wao. Majike hutenganishwa kwa aina, kwa madoa ya mbawa na pete za miguu na midomo, halafu kwa hali ya tumbo: aliyeshiba damu, aliye na mayai, aliye mtupu. Na sasa sindano.

Mpasuaji humlaza mbu kwenye kioo, katika tone la maji. Sindano ya kushoto hukandamiza kifua bila kukiponda. Ya kulia huchana kidogo pembeni mwa pingili za mwisho za tumbo, kulia kisha kushoto, halafu huvuta. Kila kitu kiko katika kuvuta huko. Ukivuta haraka utumbo hukatika na ovari hubaki ndani. Ukivuta kwa woga ngozi hujikunja na kila kitu huvurugika. Ukipatia, mkia unatoka taratibu na nyuma yake zinafuata ovari mbili nyeupe, safi, zikielea kwenye tone. Huoshwa, huachwa zikauke, ndipo husomwa. Tena muda hausubiri: mbu ambaye mayai yake yameshaanza kukua, vifundo vyake vimeshafumuka na hawezi kusomwa.

Njia hii ilielezwa na mwanasayansi wa Kisovieti, Tatiana Detinova, katika miaka ya 1940, na Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake mwaka 1962. Ipo nyingine ngumu zaidi, ya Polovodova, ambapo mpasuaji hunyoosha kikonyo cha yai kimoja kimoja na kuhesabu vinundu, kwa maana kila utagaji huacha kinundu chake. Hapa Tanzania, Gillies na Wilkes waliifanya huko Muheza kwa maelfu ya mbu, wakachapisha mwaka 1965 matokeo ambayo wataalamu wanayarejea hadi leo. Sijui sifa gani kwa mpasuaji ingezidi hiyo, ya kusomwa kwa zaidi ya nusu karne na watu ambao hawajui uso wako.

Lakini kijana wa Lupiro anaishi leo. Ana simu. Rafiki yake aliyemaliza naye kidato cha nne amenunua bodaboda, mwingine amerekodi video ya kucheza na imetazamwa mpaka Dar es Salaam. Anataka kuonekana, na sioni dhambi ndani yake. Mtu akikaa miezi juu ya hadubini bila hata mmoja kumwambia kwamba amefanya vizuri, moyo wake unakauka. Anaweza kupiga picha na hadubini akaiweka kwenye statasi, na kwa saa ishirini na nne watu wakamwita daktari. Ubaya wake ni mdogo: picha inaonyesha koti jeupe, haionyeshi ovari iliyotoka nzima. Kile hasa anachostahili kusifiwa hakionekani kwenye picha.

Ufundi huu una namna yake ya kumlipa mapema. Hulipa kwa mbu mmoja mmoja. Ovari inapotoka safi, aliyeitoa anajua papo hapo, kabla ya bosi na kabla ya jarida lolote. Msimamizi akija, akaweka jicho, akasoma kioo kile kile na kufikia jibu lile lile, hiyo ni sifa ya siku ile ile, tena isiyo na upendeleo. Nadhani ndiyo siri ya wanaodumu. Lengo la miaka kumi hawalibebi kichwani kila asubuhi. Wamejifunza kufurahia jambo la sekunde chache ambalo ni kweli.

Wengine huupima uvumilivu wao bandani, kwenye kufuga. Arabiensis hukubali. Funestus hukataa: porini ananyonya na kuzaana bila shida, ukimtia kizimbani anagoma kupandana, na vizazi vinavyofuata vinadumaa. Mwaka 2021 Halfan Ngowo na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao la kumfuga, na katika kichwa cha makala yenyewe walitamka wazi kwamba lilikuwa ni jaribio tu. Walipima mbawa zilizofupika, wakaonyesha uchache wa majike waliopandwa. Kuandika hivyo kuhusu kazi iliyokula muda wako wote, badala ya kusubiri ushindi wa kutangaza, kunahitaji moyo.

Siku hizi kuna mashine pia. Watafiti wa Ifakara na Glasgow wamekuwa wakimulika mbu mkavu kwa mionzi ya infraredi na kuiachia kompyuta ikisie umri kwa muda mfupi sana. Naifurahia. Ila kompyuta hiyo haikuzaliwa inajua. Ilifundishwa kwa mbu waliofugwa na kuhesabiwa siku zao kwa mkono. Kama waliohesabu walikosea, mashine itakosea kwa kasi.

Suala la sifa ni la zamani. Daktari Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, alikuwa amepasua mbu kwa muda mrefu bila kupata kitu. Nobeli aliipata mwaka 1902. Mgonjwa aliyejitoa kuumwa na mbu wale, Husein Khan, alilipwa sarafu ndogo ya Kihindi, ana moja, kwa kila mbu, na jina lake tunalijua kwa sababu tu Ross aliliandika. Mwishoni mwa makala nyingi za bonde hili wanashukuriwa wanakijiji na waliojitolea, mara nyingi kwa mkupuo, bila majina. Ningependa majina yaandikwe, kwa ridhaa yao, na aliyepasua mbu wote wa utafiti awekwe miongoni mwa waandishi. Tukimwambia kijana asikimbilie sifa za haraka, basi zile za polepole zimfikie kweli.

Kwa sasa kilichopo ni kisanduku kidogo kwenye fomu ya kukusanyia, ambapo mkusanyaji huandika herufi za mwanzo za majina yake, pembeni mwa tarehe, namba ya nyumba na idadi. Namba ikionekana ya ajabu ofisini, kubwa mno au sifuri usiku wa mvua, mchambuzi hutazama herufi zile na kumpigia simu mwenyewe. Kuna wakusanyaji ambao, wakishajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, simu hukatwa na namba inabaki.