Kitulo hadi Matema: Hesabu ya Nusu Siku

Maelezo mengi ya utalii kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yana sentensi moja tamu: kwamba mtu anaweza kuvuka Milima ya Livingstone kwa miguu, nusu siku tu, akatokea Matema kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Njia zipo, na wenyeji wanazipita. Chenye walakini ni hiyo nusu siku.

Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Mtembezi anashuka mita 2,100. Kutoka katikati ya uwanda hadi Matema, kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, ni kilomita 40 na ushee, na milimani hakuna anayetembea kwenye mstari ulionyooka.

Wapanda milima wana kanuni ya kupigia hesabu iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Eric Langmuir aliongeza baadaye upande wa kushuka: mteremko mkali hauharakishi mwendo, unauchelewesha kwa dakika 10 kila mita 300. Tuchukue kilomita 50 pamoja na kona. Ni saa 10, na mteremko ukiwa mkali wote unaongeza saa 1 na dakika 10. Aliyeondoka saa 12 asubuhi atafika saa 11 na dakika 10 jioni, mradi hakula, hakupumzika wala hakusubiri ukungu uondoke. Nusu siku inamfaa aliyeanzia ukingoni kabisa mwa milima. Aliyelala Matamba, baada ya kupandishwa na bodaboda kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala, asijidanganye.

Halafu kuna miguu.

Kupanda kunamaliza pumzi. Kushuka kunamaliza mapaja. Katika kila hatua ya kushuka, misuli ya mbele ya paja inakaza huku ikivutwa irefuke, ili mwili usiporomoke. Kazi hiyo haimtoi mtu pumzi kama kupanda, ndiyo maana inadanganya: anajiona bado mzima, kumbe nyuzi ndogo ndani ya misuli zinachanika. Akisimama, magoti yanatetemeka. Kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua hadi ukucha unakuwa mweusi. Maumivu yenyewe hukomaa siku ya pili au ya tatu, wakati mwenyewe alishapanga kuogelea. Dawa yake ni hatua fupi, fimbo, na kamba za viatu kukazwa upya kwenye kifundo kabla ya mteremko kuanza, si baada ya ukucha kuuma.

Joto nalo lina hesabu yake. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unaposhuka mita 1,000. Kwa hiyo aliyeanza na sweta kwenye baridi ya Kitulo anaingia Kyela, nchi ya mpunga na kokoa, akiwa ameongezewa nyuzi 13 au 14, tena saa ambazo maji ya chupani yamekwisha.

Waliopita nyanda hizi na mizigo kichwani walilijua jambo hili bila kanuni ya Naismith. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alirithi uongozi wa msafara wa Waingereza baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufia Behobeho mwezi Juni. Akavuka Uhehe, na Septemba akafika ncha ya kaskazini ya Nyasa. Mnyapara mkuu alikuwa Chuma, yule yule aliyeshiriki kuuleta mwili wa Livingstone hadi pwani mwaka 1874. Desturi ya misafara ya zama hizo ilikuwa kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, kwani mpagazi alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi. Kwao nusu siku ilikuwa posho ya mwendo wa siku moja. Hawakuifanya kipimo cha safari nzima.

Kwa kipimo hicho, Kitulo hadi Matema ni safari ya siku mbili, kwa kulala Bulongwa, wilayani Makete. Siku ya kwanza ni ndefu lakini sehemu kubwa ni ya juu kwa juu. Ya pili ni fupi na inashuka kweli kweli, na ndiyo ya kuanzwa gizani. Septemba hadi Novemba njia ni kavu zaidi, ila maua yaliyoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu hupamba moto kati ya Desemba na Aprili, wakati utelezi nao umekolea. Hapo mtu achague.

Na anayedhani akifika Matema ataendelea kirahisi kandokando ya ziwa awatazame Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe. Mlima pale umeingia majini, hivyo vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda soko la Jumamosi la Lyulilo.