Pongezi kwa Mafundi Wanawake wa Kigali

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofaulu ambao bado walijiona kama wanawadanganya watu. Waashi na mafundi umeme wanawake wa Kigali wanastahili pongezi, kwa sababu wanapambana na hofu hiyo hiyo ya kujiona wadanganyifu katika nchi ambako mila yenyewe iliilea. Zamani ilikuwa mwiko kwa mwanamke wa Rwanda kukwea juu ya paa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wajane walikwea, wakaezeka nyumba zao, na nyumba zikasimama. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Wapo wanaosema dawa ya hofu hiyo ni mwanamke kujiamini tu. Sikubaliani nao. Shaka hiyo haikuanzia moyoni mwake. Huchochewa kila mteja anapouliza fundi mwenyewe yuko wapi. Hata hivyo ufundi una neema ambayo ofisi nyingi hazina: timazi na pimamaji havijui jinsia, na ukuta ulionyooka haubishaniwi. Mtu ataniambia kwamba ukuta mzuri pekee hauleti zabuni. Kweli kabisa, na ndiyo maana msichana anayehitimu chuo cha ufundi pale Kicukiro, Kigali, anahitaji pia msimamizi atakayemkabidhi kazi nzito, badala ya kumwachia kufagia na kuteka maji.